Fahamu: Alizeti katika chakula cha kuku wa mayai

Singida na Dodoma, alizeti ikishakamuliwa mafuta hubaki mashudu, na mfugaji wa kuku wa mayai huyategemea sana kwa protini. Lakini mashudu hayafanani. Yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana nyuzinyuzi nyingi: kuku hushiba upesi kabla ya kupata nguvu ya kutosha, na mayai hupungua. Yaliyopunguzwa maganda yana protini nyingi zaidi, na ningeyachagua hayo hata kama bei imezidi kidogo.

Upungufu mkubwa wa alizeti ni laisini, kiungo cha protini ambacho mwili wa kuku hauwezi kujitengenezea. Methionini, kiungo kingine cha aina hiyo, alizeti inayo ya kutosha. Soya ni kinyume chake, ndiyo maana viwili hivi hufaa kuchanganywa. Dagaa safi wasio na mchanga nao huziba pengo la laisini. Kwa mashudu ya kawaida, kilo 10 hadi 15 katika kila kilo 100 za chakula ni kiasi salama. Chokaa isisahaulike, kwa sababu ganda la yai halitokani na protini.

Mbegu nzima nazo huliwa, ila karibu asilimia 40 ya uzito wake ni mafuta, hivyo ziwe chache.

Tafadhali, nusa mashudu kabla ya kulipa. Mashine ndogo huacha mafuta mengi ndani yake, nayo huchacha upesi. Yenye ukungu usinunue kabisa: sumukuvu huharibu ini la kuku.