Barua Iliyofunguliwa Si Barua Iliyojibiwa



Siku hizi barua nyingi za chama hazipiti tena mkononi mwa tarishi. Tangazo la bei, mwaliko wa mafunzo ya miche, onyo la mvua na maulizo ya wanunuzi, yote huja kwa barua pepe, na huingia katika sanduku moja ambalo watu wanne au watano wana ruhusa ya kulifungua. Wanachama kadhaa wametuuliza: ikiwa sanduku lina macho mengi ya kulitazama, barua hupoteaje humo? Swali hili ni zuri, na jawabu lake si uvivu wa watu tu. Sehemu kubwa ya jawabu imo katika namna sanduku lenyewe lilivyotengenezwa, na yafaa kila mwanachama aifahamu.

Ili tufahamiane vizuri, tuvuke bahari twende bara, hata wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara. Wenzetu wa huko hawana karafuu. Wao ni watu wa mahindi, maharage, ngano, vitunguu saumu, mbaazi na mifugo. Lakini katika jambo la barua tunafanana nao sana. Kwa miaka mingi Posta haikupeleka barua mlangoni kwa mtu. Mtu wa kijijini aliandikiwa kwa sanduku la shule, au la misheni, au la mwenye duka. Haydom, kwa mfano, pana hospitali ya Kilutheri tangu mwaka 1955, na mahali kama hapo sanduku moja la posta huwatumikia watu wengi. Mchungaji aliyekwenda mbali na ng'ombe wake alijua kwamba barua yake inamngoja kwa mwalimu.

Sasa tazameni jinsi desturi ile ilivyokuwa na ulinzi wake. Kila bahasha ilikuwa na jina juu yake. Bahasha iliyofungwa ilionyesha kwamba mwenyewe hajaisoma. Na barua ikichukuliwa, haikuwamo tena sandukuni; basi aliyeulizwa alijua kwamba fulani ameichukua. Mambo matatu hayo, jina, bahasha, na nafasi iliyobaki tupu, ndiyo yaliyoongoza kazi pasipo mtu kuyafikiria.

Katika sanduku la barua pepe la pamoja mambo matatu hayo hayapo. Anwani ni ya ofisi, si ya mtu. Ndivyo ilivyo katika halmashauri za Mbulu na Hanang, na ndivyo ilivyo katika vyama vingi kama chetu. Barua ikisomwa haiondoki, hubaki palepale. Na bahasha ikichanwa na wa kwanza, huonekana imechanwa kwa wote. Kilichobaki ni alama moja tu: barua isiyosomwa huandikwa kwa herufi nene, na iliyosomwa kwa herufi nyembamba. Karani wa kwanza hufungua, huona kwamba jambo si lake, huifunga. Wa pili hufika saa mbili baadaye, huona herufi nyembamba, husema moyoni, "Hii imekwisha kushughulikiwa." Wa tatu vivyo hivyo. Hakuna aliyekosa adabu, na barua imekufa. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa kila nahodha anadhani mwenziwe ameshika usukani.

Alama hiyo hukaa wapi? Haya ndiyo maelezo ambayo mafundi huyajua na makarani hawaambiwi. Barua zetu hukaa katika kompyuta kubwa ya mwenye huduma, na simu zetu huzisoma huko kwa kanuni iitwayo IMAP, ambayo toleo lake lililotumika sana liliandikwa mwaka 2003 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021. Kwa kanuni hiyo alama ya "imeonwa" huwekwa kule kule kwenye kompyuta kubwa, si katika simu ya msomaji. Watu watano wakiingia kwa jina moja na neno moja la siri, kompyuta kubwa huwaona kuwa ni mtu mmoja, na alama ni moja.

Kuna mitambo mingine ambayo kila mtu huingia kwa jina lake mwenyewe katika folda ya pamoja. Hapo hali hutofautiana. Katika sanduku la pamoja la Microsoft Exchange, alama ni moja kwa wote. Lakini katika folda za umma za mtambo huohuo, kila mtu ana alama yake, na kusoma kwako hakumfichi mwenzako chochote. Hii ya pili ina taabu yake pia: watu watano huona barua ileile haijasomwa, wawili huijibu kwa maneno mawili mbalimbali, na mnunuzi hucheka. Iko na kanuni ya zamani zaidi, POP, ambayo huzishusha barua katika kompyuta moja, na mara nyingi huzifuta kule zilikotoka. Ofisi yenye sanduku la pamoja isiitumie kabisa, maana mmoja akizishusha, wenzake hawaoni hata kivuli chake.

Kujua mtambo wenu ni wa namna gani ni kazi ya dakika tano. Watu wawili wakae pamoja, kila mmoja na simu yake. Mmoja aifungue barua mpya, mwingine atazame. Herufi zikigeuka nyembamba kwake pia, alama yenu ni moja.

Huenda mtu akasema: haya ni mambo madogo ya makarani. Sivyo, kwa sababu barua nyingine zina siku yake. Turudi Manyara. Tarehe 5 Agosti 2017 Serikali ya Uhindi ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoingia nchini humo zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Uhindi ndiyo soko kubwa la mbaazi za Tanzania, na bei ikaanguka vibaya mashambani. Habari kama hiyo, ikisomwa siku yake, haiokoi soko; lakini humwezesha mtu kuamua auze, angoje, au asikope zaidi. Ikisomwa baada ya wiki tatu haina faida tena.

Na ziko barua zilizo nzito kuliko za bei. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa maonyo yake kwa madaraja: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Kabla ya vuli ya mwaka 2023 ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba mvua zingezidi wastani kwa sababu ya El Niño. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, vikaufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Hatusemi kwamba maafa yale yalitokana na barua isiyosomwa. Kumega kwa mlima hakujibiwi na karani. Twasema hivi tu: onyo ni barua ambayo faida yake hupungua kila saa, na mahali pa mwisho pa kuliweka ni katika sanduku ambalo kila mtu anadhani mwenziwe amelisoma. Nasi tulio na karafuu juu ya majamvi twajua thamani ya saa mbili kabla ya mvua.

Kwa hiyo tunashauri kila tawi lishike taratibu hizi:

Kwanza, pawe na mshika sanduku kwa zamu, wiki moja moja, na jina lake libandikwe ukutani. Wengine waweza kusoma, lakini yeye ndiye mwenye kuulizwa.

Pili, aliyefungua barua asiyoweza kuimaliza airudishe kuwa haijasomwa kabla ya kuondoka. Karibu kila programu ina amri hiyo. Herufi nene ziwe na maana moja tu kwetu: kazi hii haijapata mtu.

Tatu, zifanywe folda tatu: "Mpya", "Inangoja" na "Imekwisha". Barua isihamie "Imekwisha" kwa kusomwa. Ihamie kwa kujibiwa au kutekelezwa. Anayeichukua kazi aandike jina lake, kwa kuipeleka mbele kwa wenzake na neno moja, "Ninayo."

Nne, izimwe ile desturi ya programu kuihesabu barua kuwa imesomwa kwa kuchunguliwa tu pembeni. Jambo hili hurekebishwa katika mipangilio, na makosa mengi hutoka hapo.

Tano, barua yenye tarehe iandikwe katika daftari siku hiyohiyo, na habari yake ipelekwe kwa simu na kwa mdomo. Wanachama wetu wengi hawasomi barua pepe, nao ndio wenye mashamba.

Sita, tawi lenye mamia ya barua zisizosomwa lisizipake zote alama ya kusomwa ili kupata sanduku safi. Huo ni usafi wa kufagia taka chini ya mkeka. Zianze za siku thelathini za mwisho, zitafutwe kwa majina ya waandikaji wakubwa, yaani wanunuzi, serikali, benki na hali ya hewa. Zilizobaki ziwekwe katika folda ya peke yake zipitiwe kidogo kidogo.

Saba, kila mwenye ruhusa apewe njia yake ya kuingia, na anayeacha kazi afungiwe siku ileile. Neno la siri la watu watano si siri.

Barua ni nusu ya kuonana, walisema wazee wetu. Anayetuandikia amekwisha kufanya nusu yake. Nusu iliyobaki ni yetu. Makatibu wa matawi wafanye lile jaribio la simu mbili kabla ya mkutano ujao, na kila mmoja aje na jawabu: alama yenu ni moja, au ni ya kila mtu? Tawi lisiloweza kupata fundi lilete habari ofisini, nasi tutalisaidia.