Melatonini na Uhai wa Mpunga Baada ya Mafuriko

Mvua zinapokolea mwezi Aprili, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji mengi kuelekea Ziwa Nyasa, na baadhi ya majaruba ya Kyela hufunikwa. Maji yakipungua, mpunga huweza kuonekana bado kijani, kisha ukanyauka na kugeuka manjano siku chache baadaye, jua linapowaka. Mkulima hushangaa kwamba shamba lililonusurika majini linakufa nchi kavu. Sababu yake ni ya kibiolojia, na mojawapo ya kinga zake ni melatonini, kemikali ambayo matabibu huifahamu zaidi kama homoni ya usingizi.

Chini ya maji yenye tope mmea hukosa hewa na mwanga, ukaishi kwa akiba yake ya sukari. Maji yanapoondoka, oksijeni na mwanga mkali hurejea ghafla katika seli zilizodhoofika. Hapo huzalishwa kwa wingi aina kali za oksijeni, ambazo hushambulia utando wa seli, protini na klorofili, yaani rangi ya kijani ya jani. Madhara yanayofanana na hayo hutokea katika moyo wa binadamu: mshipa ulioziba ukifunguliwa, damu inayorejea huokoa msuli, lakini huweza pia kuujeruhi.

Melatonini ilitenganishwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, kutoka katika tezi ya pineali ya ng'ombe. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kuwa imo pia katika mimea ya chakula, mpunga ukiwemo. Mmea huitengeneza wenyewe kutokana na triptofani, kupitia serotonini, kama ufanyavyo mwili wa binadamu. Kwa binadamu huuarifu mwili kwamba usiku umeingia. Katika mmea mojawapo ya kazi zake kubwa ni ulinzi.

Ulinzi huo huenda kwa njia mbili. Kwanza, melatonini yenyewe hukabili aina kali za oksijeni na kuzituliza. Pili, huchochea seli kuongeza vimeng'enya vya kinga, kama vile katalasi, vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Katika majaribio, mimea iliyopewa melatonini imestahimili vyema zaidi chumvi, ukame na baridi, na majani yake yamechelewa kuzeeka.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya majaribio hayo imefanyika maabara na katika vitalu, kwa vipimo vidogo vilivyodhibitiwa. Kipimo kikizidi, mizizi hudumaa. Kwa hiyo vidonge vya usingizi visiyeyushwe na kunyunyiziwa mpunga: vimetengenezwa kwa ajili ya mwili wa binadamu, na gharama yake yaweza kumaliza fedha ambayo kaya ingeitumia kwa chakula au matibabu. Vivyo hivyo, wali si dawa ya usingizi, kwani melatonini iliyomo katika punje ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ya kidonge.

Faida iliyo karibu zaidi na mkulima imo katika mbegu. Mwaka 2006 watafiti walitambua jeni iitwayo SUB1A, inayouwezesha mpunga kustahimili kuzama kwa takriban wiki mbili. Jeni hiyo husaidia pia mmea kupunguza aina kali za oksijeni baada ya maji kuondoka, na imeshaingizwa katika mbegu kadhaa za Asia. Kwa Kyela, ambako mchele hupendwa kwa harufu yake, kazi ya wazalishaji wa mbegu ni kuunganisha ustahimilivu huo na harufu hiyo. Wakati huohuo, mifereji iliyosafishwa kabla ya masika, kupanda mapema na ushauri wa afisa ugani vinabaki kuwa kinga ambayo mkulima anaweza kuitumia msimu huu.