Ramani za mwili: kutoka Uganda na Khayelitsha hadi Toronto

Karatasi ni ndefu kuliko mtu. Kijana hulala juu yake, mwenzake hufuatisha umbo lake kwa kalamu, kisha mwenyewe hujaza ndani anachotaka: makovu, njia aliyopita, majina aliyoitwa, rangi anazojiona nazo. Hiyo huitwa ramani ya mwili. Mjini Toronto, ambako Waafrika Mashariki wengi huomba hifadhi, ni mojawapo ya sanaa ambazo wakimbizi huzitumia kujieleza, wakiwemo vijana waliobadili jinsia.

Wengi wetu tukiona kazi kama hii tunadhani ilibuniwa katika nchi za Magharibi. Sivyo. Miaka ya 1990 nchini Uganda, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi, NACWOLA, kilieneza vitabu vya kumbukumbu. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida, hivyo mama aliandika habari za ukoo na maisha yake ili mwanawe asikose asili. Wazo hilo likavuka hadi Cape Town, na huko likachukua sura ya mchoro. Mwaka 2002, msanii Jane Solomon alichora ramani za mwili na akina mama wa kikundi cha Bambanani katika kitongoji cha Khayelitsha, wakati matibabu yalipoanza kuwafikia. Walionyesha virusi vilipo mwilini, na nyuma ya umbo la kila mmoja likachorwa umbo la mtu anayemtegemeza. Kutoka huko ndipo Denise Gastaldo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walipoichukua mbinu hii, wakaitumia na wafanyakazi wahamiaji wasio na vibali. Mwongozo wao ulitoka mwaka 2012.

Kwa nini iwafae vijana wakimbizi waliobadili jinsia? Tazama jinsi kesi ya ukimbizi inavyokwenda. Mahakama ya Juu ya Kanada iliweka msingi wa madai ya hifadhi yanayohusu jinsia na mapenzi katika kesi ya Ward mwaka 1993, na tangu mwaka 2017 bodi ya wakimbizi ya Kanada ina Mwongozo Namba 9, unaowaonya waamuzi wasimpime mwombaji kwa dhana za jumla kuhusu jinsia na mapenzi. Ni hatua njema. Hata hivyo kijana bado hujaza fomu kwa mpangilio wa tarehe, na mbele ya mwamuzi huulizwa maswali juu ya kila alichoandika. Maisha yake yanakuwa ushahidi. Mtoto aliyefukuzwa nyumbani analazimika kukumbuka ilikuwa mwezi gani, na akikosea anaweza kuonekana mwongo.

Karatasi haidai tarehe. Anaweza kuanza na miguu, akaacha uso mtupu, akaandika kwa Kiganda au Kiswahili bila mkalimani. Hapo anasimulia kwa ajili yake na wenzake, na ndiyo maana naona kazi hii haipaswi kupelekwa kwa mwamuzi kama kielelezo, hata wakili akiitamani.

Kuna ugumu ambao akina mama wa Khayelitsha huenda hawakuwa nao. Kwa kijana aliyebadili jinsia, kufuatishiwa mwili ulivyo kunaweza kuwa ndiyo maumivu yenyewe. Mwezeshaji anayejua kazi yake hamlazimishi mtu kulala kwenye karatasi. Atamwachia achore mwili anaoutaka, au asichore mwili kabisa.

Kisha kuna hatari ya kuonekana. Mwaka 2014 filamu ya Kenya, Stories of Our Lives, yenye visa vilivyotokana na masimulizi ya Wakenya mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia, ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto. Nyumbani ikapigwa marufuku. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayehesabiwa kuwa anahamasisha ushoga, na watu waliobadili jinsia huwekwa kwenye kapu hilo hilo. Kijana aliye salama Toronto ana mama na wadogo zake Kampala, na picha haihitaji viza.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye maonyesho ya namna hii, nenda, soma, zungumza na waliopo. Ila simu iache mfukoni. Usipige picha, na usirushe chochote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila idhini ya aliyechora.