Barua kama Nyenzo ya Ubalozi: Kazi ya Friedrich Melchior Grimm katika Karne ya 18

1.0 Utangulizi

Historia ya ubalozi huelezwa mara nyingi kwa kutaja vita na mikataba. Makala haya yanautazama ubalozi kwa upande wa lugha, kwa kuchunguza kazi ya Friedrich Melchior Grimm (1723-1807), Mjerumani aliyeyatumikia mabaraza kadhaa ya kifalme. Hoja ya msingi ni kwamba uandishi wa barua ndio uliompa Grimm cheo, na kwamba ni barua pia iliyomnyang'anya.

2.0 Mazingira ya Lugha

Katika karne hiyo Ujerumani haikuwa nchi moja bali mkusanyiko wa mamia ya tawala, kubwa na ndogo, zilizokuwa chini ya Dola Takatifu la Kirumi. Grimm, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri, alizaliwa Regensburg, mji ambamo Bunge la Dola hilo lilikaa mfululizo tangu 1663. Alisoma Leipzig, ambako mwalimu wake mmojawapo alikuwa Gottsched, mwanazuoni aliyepigania hadhi ya Kijerumani kama lugha ya fasihi. Hata hivyo, lugha iliyofungua milango ya wakuu ilikuwa nyingine. Ilhali mikataba ya Westphalia ya 1648 iliandikwa kwa Kilatini, Mkataba wa Rastatt wa 1714, baina ya Kaisari wa Dola na mfalme wa Ufaransa, uliandikwa kwa Kifaransa. Hivyo basi, kijana asiye na mali wala nasaba aliweza kupanda ngazi endapo alikimudu Kifaransa barabara.

3.0 Kupanda na Kuanguka

Grimm alihamia Paris mwishoni mwa miaka ya 1740, akafanya urafiki na Rousseau na Diderot. Mwaka 1753 alishika uhariri wa Correspondance littéraire, barua ya habari za vitabu, tamthilia na sanaa za Paris. Barua hiyo haikupigwa chapa, bali ilinakiliwa kwa mkono na kupelekwa kwa wasomaji wachache wa nchi za nje, miongoni mwao wakiwa watawala wa Saxe-Gotha na Malkia Catherine wa Pili wa Urusi. Kwa njia hiyo iliwakwepa wakaguzi wa mfalme wa Ufaransa, waliosoma vitabu kabla havijachapwa. Aidha, uchache wa nakala ndio uliozidisha thamani yake.

Mwaka 1759, wakati jeshi la Ufaransa lilipokuwa limeukalia mji wa Frankfurt, Grimm aliteuliwa kuwa mjumbe wa mji huo mbele ya mfalme wa Ufaransa. Wadhifa huo haukudumu. Katika taarifa yake mojawapo alimkosoa mkuu wa Kifaransa aitwaye de Broglie. Taarifa ilinaswa njiani, ikasomwa na Mfalme Louis wa 15, na Grimm akapoteza kazi.

Pigo hilo halikumkatisha tamaa. Mwaka 1773 alikwenda St. Petersburg kuhudhuria arusi ya mrithi wa kiti cha Urusi, akapata imani ya Catherine. Tangu hapo waliandikiana hadi kifo cha malkia mwaka 1796, na Grimm akawa wakala wake wa kununua kazi za sanaa Paris. Mwaka 1776 aliteuliwa kuwa balozi wa Saxe-Gotha nchini Ufaransa. Mapinduzi ya Ufaransa yalimwondolea makao na mali. Alirejea Gotha, baadaye akaiwakilisha Urusi mjini Hamburg, na hatimaye akafariki Gotha mwaka 1807.

4.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba Saxe-Gotha, utawala mdogo usio na jeshi la kutisha, haukuweza kumpa mjumbe wake nguvu ya vitisho. Nguvu ya Grimm ilikuwa kujua mapema na kueleza vizuri, tena kwa lugha isiyo ya mama yake. Lakini tukio la Frankfurt linaonyesha kwamba barua ya balozi ina wasomaji wawili: anayeandikiwa, na anayeweza kuifungua njiani. Mwandishi huchagua maneno kwa ajili ya wa kwanza, ilhali usalama wake umo mikononi mwa wa pili. Uchambuzi wowote wa lugha ya ubalozi hauna budi kumzingatia msomaji huyo asiyetajwa.