Spika Kiwanjani: Ustaarabu wa Muziki Kwenye Gofu

Mtoko wa Jumamosi umebadilika jamani. Zamani ilikuwa askrimu mjini, sinema kidogo, halafu Coco Beach kula mihogo na kuangalia watu. Siku hizi kuna wenzetu wanaamka alfajiri, wanavaa fulana zenye kola, wanabeba mabegi ya fimbo na kwenda kucheza gofu. Benki na kampuni za simu zinaandaa mashindano, ofisi zinapeleka vijana wao, na wachumba wamegundua kuwa saa nne za kutembea kwenye majani bila foleni wala joni ni raha yake.

Na pale vijana walipoingia, muziki nao ukaingia. Spika isiyo na waya, saizi ya chupa ya maji, umeipata Kariakoo mtaa wa Aggrey baada ya kuomba punguzo mpaka muuzaji akacheka. Unaining'iniza kwenye begi, unaunganisha na simu, bongo fleva inaanza. Wewe unaona umechangamsha kiwanja. Mzee aliye shimo la jirani anakuona umekosa malezi. Nani yuko sahihi?

Ukidhani ni jambo dogo, kumbuka aliye pembeni yako pale ni nani: bosi wako, mteja unayemfukuzia miezi sita, au baba mkwe mtarajiwa. Kwenye gofu mtu anakusoma saa nne mfululizo, na hatakwambia alichosoma.

SHERIA INASEMAJE?

Tuanze na hili, maana wengi wanabishana bila kulijua. Sheria za gofu duniani zinatungwa na taasisi mbili: The R&A ya St Andrews, Scotland, na USGA ya Marekani. Sheria hizo zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2019, na ya 4.3 imeugusa muziki waziwazi.

Inasema hivi: muziki wa kusikiliza tu, wa kujiburudisha, ruksa. Ila muziki wa kuzuia usisikie usumbufu wa nje, au wa kukusaidia kupata mwendo wa kupiga mpira, ni marufuku. Yaani ukipiga mkwaju kwa kufuata mapigo ya ngoma, au ukiziba masikio ili usiwasikie wenzako, unahesabika umetumia kifaa kujinufaisha. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, kosa la kwanza unaongezewa mikwaju miwili. Ukirudia, unaenguliwa.

Juu ya hapo kuna sheria ya 1.2, inayohusu tabia. Inataka mchezaji awajali wenzake na asiwasumbue wanapocheza. Pia inaipa kamati ya klabu au mashindano mamlaka ya kuandika kanuni zake za mwenendo. Kwa hiyo klabu ikisema hapa hakuna spika, basi hakuna, hata kama umeona Marekani wanapiga. Kabla hujawasha, muulize mtu wa mapokezi au nahodha wa klabu. Swali moja tu, nusu dakika.

UKIMYA HUU ULITOKA WAPI?

Ukitazama ramani ya katikati ya Dar utaelewa kwa nini suala hili lina hisia. Viwanja vya Gymkhana viko kati ya Posta na bahari, jirani na Ikulu na bustani ya mimea. Mwendo mfupi kuelekea magharibi unafika Mnazi Mmoja, halafu Kariakoo, mahali ambapo kila duka lina spika yake na kila spika ina maneno yake, na hakuna anayeomba radhi.

Hali hiyo haikuja kwa bahati. Katika miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza uliugawa mji: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi, na Kariakoo kwa Waafrika, eneo lililopata jina lake kutokana na wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, wa Vita Kuu ya Kwanza. Mnazi Mmoja iliachwa wazi katikati ili pande zisigusane. Gymkhana ikawa upande wa Uzunguni. Hata neno lenyewe Waingereza walilileta kutoka India. Wazungu walikuwa wanachama, Waafrika walikuwa wabeba fimbo na wakata majani.

Ndiyo maana kijana wa leo akiambiwa "zima hiyo kitu, hapa siyo Kariakoo", anasikia zaidi ya kilichosemwa. Na ana haki ya kukasirika, kwa sababu kauli hiyo ni ya dharau. Kariakoo ilikuwa na DDC na dansi lake wakati wengine wanakunywa chai kimya kimya. Anayetaka muziki upunguzwe aseme muziki upunguzwe, aiache Kariakoo ya watu.

Lakini ukiondoa dharau hiyo, sababu halisi ya ukimya inabaki, na haina rangi wala tabaka. Gofu ni mchezo ambao mpira umetulia na wewe ndiye unayeanza. Kinachoharibu mkwaju mara nyingi ni sauti ya ghafla kuliko kelele zenyewe. Huko Scottsdale, Arizona, kwenye mashindano ya Phoenix, shimo la 16 limezungukwa na majukwaa ya mashabiki wanaoimba na kuzomea kutwa nzima. Ligi ya LIV, iliyoanza mwaka 2022 kwa fedha za Saudi Arabia, inapiga muziki huku mashindano yakiendelea. Wachezaji wanapiga na maisha yanaendelea, kwa sababu kelele ipo muda wote na walijua wataikuta.

Sasa linganisha na spika yako. Wimbo unaisha, kimya, mwenzako anainua fimbo, halafu tangazo la biashara linalipuka. Au simu inaita kwa sauti ya honi. Hapo umemharibia mtu, na hakuna cha kujitetea.

"HAMNA SHIDA" SIYO JIBU

Wazungu wana utaratibu wao: uliza kwanza kama muziki unawasumbua wenzako, wakisema hapana, washa. Ushauri mzuri, ila kwetu una tundu.

Sisi Wabongo hatusemi "ndiyo, inanikera" kirahisi. Tunasema "hamna shida". Na "hamna shida" zipo za aina tatu. Ipo ya kweli. Ipo ya "sitaki ugomvi mapema yote hii". Na ipo ya "nitakukumbuka siku ya kupandisha watu vyeo".

Halafu angalia unamuuliza nani. Wewe meneja ukimuuliza kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita kama muziki unamsumbua, hapo hujauliza, umetangaza. Hivyo hivyo kwa mgeni wa kampuni aliyealikwa bure: hawezi kukupangia.

Njia nzuri ni kugeuza swali. Usiseme "niwashe?" ukiwa umeshika spika tayari. Sema, "Leo tupige muziki au tucheze kimya?" Hapo umempa mtu milango miwili na wote uko wazi. Akisita, akacheka tu, akasema "yoyote sawa", chukua kuwa ni kimya. Spika ibaki kwenye begi, mwisho wa mchezo mtaisikiliza mkinywa soda.

WASIOULIZWA KABISA

Mnapokuwa wanne mmekubaliana, mnadhani mmemaliza. Bado.

Kuna kedi wako. Huyu kijana anatembea na wewe mashimo yote 18, anakutafutia mpira, anakushauri fimbo ya kutumia. Hana namna ya kukwambia upunguze sauti, maana siku yake iko mfukoni mwako. Tena masikio ni sehemu ya kazi yake: anasikiliza mpira umegonga mti au umezama kwenye maji. Ukimjazia mziki masikioni, mpira wako ukipotea usimlaumu.

Kuna hatari pia. Mchezaji akipotosha mkwaju anapiga kelele "Foo!" ili walio mbele wajikinge. Mpira wa gofu una uzito wa gramu 46 hivi, mgumu kama jiwe, na mpiga mzuri huuachia kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Toka ile kelele mpaka mpira kufika ni sekunde chache tu. Ukiwa umefungua spika kwa nguvu, au umeziba masikio yote mawili kwa hedifoni, hizo sekunde umezitupa. Watu wamepasuliwa vichwa na kupofuka macho kwenye mchezo huu unaoitwa wa wastaarabu. Hii peke yake inatosha kumfanya mtu apunguze sauti.

Na kuna majirani. Kiwanja hakina kuta, na upepo wa bahari wa mchana unasukuma sauti kuelekea mjini. Upande ule ule wa bahari kuna hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ambayo leo ni taasisi ya saratani. Kuna mtu pale anasubiri mionzi, mwingine amekaa nje na mama yake wanavuta hewa. Spika ndogo labda haitawafikia, lakini spika ndogo nne kwenye mashindano ya kampuni, na DJ juu yake, hiyo ni habari nyingine.

Kisheria pia siyo porojo. Nchi ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na mwaka 2022 NEMC ilifungia baa na kumbi kadhaa, Dar ikiwemo, kwa sababu ya kelele. Waandaaji wa mashindano, lizingatieni hilo.

MKIWA WAWILI

Hapa ndipo penyewe. Wapenzi wengi wanaingia gofu pamoja na kutoka kila mtu na lake, na muziki unachangia.

Mara nyingi mmoja anajua kucheza na mwingine anajifunza. Anayejua ndiye mwenye spika, ndiye anayechagua nyimbo, ndiye anayeongeza sauti. Anayejifunza anahangaika na fimbo, mpira hauruki, watu wa nyuma wanasubiri, na amapiano inamgongea kichwani. Akisema "punguza kidogo", anaambiwa hapendi raha. Sasa jiulize, mlikuja kufanya nini? Kama ni kuwa pamoja, aliye dhaifu kwenye mchezo ndiye apewe udhibiti wa sauti. Akitaka kimya, kimya. Mwachie na uchaguzi wa nyimbo mashimo tisa ya pili, hata kama ni taarabu au zilipendwa za baba yake. Ukiweza kuvumilia hayo kwa saa mbili, una matumaini kwenye ndoa.

Jambo la pili linahusu simu. Ikiwa imeungana na spika, kila kinachoingia kwenye simu kinaweza kutoka nje. Watu wamesikilizishwa sauti za WhatsApp ambazo hawakutakiwa kuzisikia, mbele ya kedi, bosi na mchumba. Hatusemi una cha kuficha. Tunasema zima taarifa za simu kwanza, halafu ndiyo uwashe muziki.

FANYA HIVI

• Pima kwa hatua. Weka spika chini, tembea hatua kumi. Kama bado unasikia mashairi, punguza.

• Zima ukifika kwenye kijiti cha kuanzia na kwenye grini. Pale watu wa mashimo mengine wako karibu na utulivu unahitajika zaidi.

• Spika moja kwa kundi. Spika mbili zenye nyimbo tofauti ni mnadani.

• Pakua nyimbo mapema, zisizo na matangazo katikati.

• Chunga maneno. Kiwanjani kuna wazee na watoto wanaojifunza. Singeli ya matusi isubiri.

• Adhana ikisikika, zima. Hakuna aliyewahi kupoteza rafiki kwa hilo.

• Hedifoni? Sikio moja tu, na usizivae wakati unazungumza na kedi.

• Kama wewe ndiye unayekerwa, sema mapema, kwa upole, shimo la kwanza: "Ndugu yangu, naomba tupunguze kidogo, nikiwa napiga nakosa umakini." Usivumilie mashimo 17 halafu ulipukie la 18.

• Ukiombwa kupunguza, punguza bila kuuliza sababu na bila kununa.

Haya yote hayaishii kwenye gofu. Yule anayefungulia simu muziki ndani ya mwendokasi toka Kimara hadi Kivukoni, na yule wa ghorofa ya juu anayeamsha mtaa Jumapili asubuhi, wana tatizo lile lile: wanadhani raha yao ni ya wote. Gofu inakupa nafasi ya kujifunza kuangalia sura ya mtu kabla hujagusa kitufe. Ukilipata hilo, hata kama mpira bado unakwenda kwenye miti kila siku, watu watapenda kucheza na wewe.