Ithibati ya vyuo vya udaktari: kwa nini chuo huanza kwa kujikagua chenyewe?

Mgonjwa anayefikishwa usiku katika kituo cha afya cha Budondo, kaskazini mwa Jinja, haulizi daktari alisomea wapi. Huamini kwamba yupo aliyekwisha kuuliza swali hilo kwa niaba yake. Utaratibu huo huitwa ithibati, na hatua yake ya kwanza huwashangaza wengi: kabla ya mkaguzi yeyote kubisha hodi, chuo hutakiwa kujikagua chenyewe.

Nani hutoa ithibati Uganda?

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, huidhinisha vyuo vikuu na kozi zake. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nalo hutazama iwapo mafunzo yanatosha kumpa mhitimu haki ya kusajiliwa. Mabaraza ya udaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pia hufanya ukaguzi wa pamoja, ili daktari aliyesomea Mbale aweze kutambuliwa Kisumu au Mwanza.

Kujitathmini hufanyikaje?

Chuo huunda kamati ya wahadhiri, wanafunzi, watumishi wa utawala na madaktari wa hospitali ya mafunzo. Kamati hupima hali halisi kwa kuilinganisha na viwango vilivyowekwa. Viwango vya Shirikisho la Dunia la Elimu ya Utabibu, vilivyorekebishwa mwaka 2020, vina maeneo 8: dhamira ya chuo, mtaala, mitihani, wanafunzi, wahadhiri, nyenzo, udhibiti wa ubora na uongozi.

Kila jibu lazima liwe na ushahidi. Haitoshi kuandika kwamba wahadhiri wapo. Huonyeshwa orodha yao, shahada zao na saa wanazofundisha. Ripoti ikikamilika, wakaguzi kutoka nje hufika, hutembelea maabara na wodi, na huzungumza na wanafunzi faraghani. Yaliyoandikwa hulinganishwa na yaliyoonekana.

Mfano wa Mbale

Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema kilianza mwaka 2013 mjini Mbale, na wanafunzi wake hujifunzia katika hospitali ya rufaa ya mji huo. Kwa kitivo cha namna hii, wingi wa wagonjwa si tatizo. Swali gumu ni iwapo madaktari bingwa wanatosha kumsimamia kila mwanafunzi kando ya kitanda. Mwanafunzi anapopelekwa kituo cha afya kijijini, kamati huuliza pia: nani humwongoza huko, na hulala wapi?

Mtaala nao hauwezi kubaki ulivyo milele. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha zaidi ya watoto 3,000 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwa mojawapo. Ulionyesha kwamba kuwatilia maji mengi kwa haraka mshipani watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo. Chuo kinachojitathmini kwa dhati hujiuliza iwapo somo kama hilo limekwisha kuingia darasani.

Je, chuo hakiwezi kujipendelea?

Kinaweza, na ndiyo maana tathmini ya ndani haiishii ndani. Hata hivyo, kuficha kasoro hakuna faida ya kudumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wakaguzi wakigundua upungufu usiotajwa, huanza kuitilia shaka ripoti nzima. Chuo kinachokiri upungufu na kuonyesha mpango wa kuuondoa hupewa muda wa kujirekebisha.

Kwa nini jambo hili likuhusu?

Mwezi Mei 2023, taarifa kwamba muda wa ithibati wa kozi nyingi nchini Uganda ulikuwa umepita ziliwatia hofu wanafunzi na wahitimu. Baraza lilieleza kuwa tarehe hizo zilikuwa za kufanyiwa tathmini upya, na hazikubatilisha shahada. Hofu hiyo ilidhihirisha gharama ya kuchelewesha zoezi hili.

Mzazi anayetafuta nafasi kwa mwanawe ana haki ya kuuliza mambo mawili kabla ya kulipa ada: kozi ilitathminiwa lini, na baraza la madaktari humsajili mhitimu wake? Majibu hayo hayamhusu mwanafunzi peke yake. Siku moja yatamfikia mgonjwa wa Budondo.