MAGAMBA YA NGOZI YASIYOAMBUKIZA: JIFUNZE KUITAMBUA SORIASISI

Katika toleo hili tunazungumzia ugonjwa wa ngozi unaoitwa soriasisi. Wengi wenu hamjausikia kwa jina hilo, lakini huenda mmeuona. Mtu anatokwa na mabaka mazito yenye magamba kwenye viwiko na magoti, yanapungua, baada ya miezi yanarudi, na majirani wanaanza kumkwepa. Nauandikia kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuukosea.

Nilikuwa mgeni katika kazi hii ya kujitolea ya VHT, upande wetu wa Koboko, mama mmoja aliponiita nimwangalie. Alikuwa akiuza mandazi karibu na bomba la maji. Nikaona mabaka kwenye viwiko, kwenye magoti na pembeni mwa nywele. Nilitazama haraka haraka nikasema, "Mama, huu ni upele." Nikamwambia achemshe nguo na mablanketi, na watu wote wa nyumbani wajipake dawa ya upele. Walifanya hivyo mara mbili. Mabaka hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba sasa kijiji kizima kilijua VHT amesema yule mama ana upele. Watu waliacha kununua mandazi yake. Kwenye foleni ya maji wengine walikuwa wakiosha mpini wa bomba kwa sabuni baada ya yeye kuushika.

Nilipompeleka kituo cha afya, mganga hakutazama mabaka peke yake. Aliomba kuona kucha zake. Alitenganisha nywele akatazama ngozi ya kichwa. Alimwuliza kama viungo vinakakamaa asubuhi, na kama kwao kuna ndugu mwenye ngozi ya namna hiyo. Mwisho akauliza: nyumbani nani mwingine anajikuna? Hakuna. Watoto wanne wanalala naye mkeka mmoja kwa miezi mingi, na hakuna hata mmoja mwenye kipele. "Basi huu si upele," akasema. Swali hilo moja lingetosha kunizuia, kama ningekumbuka kuliuliza.

Soriasisi ni nini?

Ngozi yetu hujibadilisha yenyewe. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda juu polepole, na kwa kawaida safari hiyo huchukua kama mwezi mmoja, kisha zile za zamani hudondoka bila sisi kuona. Kwa mgonjwa wa soriasisi, kinga ya mwili inakosea, inachochea ngozi kana kwamba kuna jeraha la kuponya. Seli zinapanda kwa siku chache tu. Za zamani hazijadondoka, mpya zimeshafika. Zinarundikana, na rundo hilo ndilo tunaloliona kama gamba.

Kwa hiyo hapa hakuna mdudu, hakuna kuvu, na si suala la uchafu. Mtu hawezi kuupata kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kula sahani moja, kunyonyesha wala kwa tendo la ndoa. Unaweza kutokea katika ukoo, lakini hiyo ni mbegu ya kuzaliwa nayo, si kuambukizana. Hata hivyo wagonjwa wengi hawana ndugu yeyote mwenye nao. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2016 lilisema wagonjwa duniani hawapungui milioni 100. Kwa hiyo yule mama si ajabu ya kijiji chetu.

Dalili zake

Mabaka ya soriasisi huwa yameinuka kidogo, mazito, na mpaka wake unaonekana wazi, kama kisiwa. Juu yake kuna magamba makavu. Hupenda viwiko, magoti, kiuno kwa nyuma, ngozi ya kichwa, nyuma ya masikio na kitovu. Mara nyingi yanatokea pande zote mbili: kiwiko cha kulia na cha kushoto. Yanaweza kuwasha au yasiwashe. Ukibandua gamba kwa nguvu, vitone vidogo vya damu hutokea, kwa hiyo usibandue.

Jambo moja linawachanganya hata wahudumu. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu yenye magamba ya rangi ya fedha. Hizo ni picha za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Baka linaweza kuwa la zambarau, la kahawia iliyokolea au la kijivu, na magamba yakawa kama majivu. Likipona linaacha doa jeusi au jeupe kwa miezi kadhaa. Doa hilo si ugonjwa uliobaki, na halihitaji krimu ya kung'arisha.

Tazama kucha. Zinaweza kuwa na vishimo vidogo vidogo kama zimechomwa na sindano, au zikawa nene, za njano, zinazoachana na nyama. Kichwani magamba huwa mazito kuliko mba wa kawaida, na mara nyingi huvuka mstari wa nywele na kushuka kwenye paji la uso. Pia mabaka mapya yanaweza kuota palepale ulipoumia: kwenye kovu, mkwaruzo au chale.

Kwa watoto na vijana kuna aina nyingine. Mtoto anaumwa koo, na baada ya wiki mbili au tatu anatokwa ghafla na madoa madogo mengi kama matone ya maji kifuani na mgongoni. Mpeleke kituoni na umweleze mganga kuhusu lile koo. Wazazi wengi hawalisemi, wanaona ni jambo lililokwisha.

Usichanganye na magonjwa haya

Upele huwasha sana usiku, hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na sehemu za siri, na watu wa nyumba moja huwa nao pamoja. Choa, yale mabaka ya duara, huwa na ukingo ulioinuka na katikati panaonekana pamepona, nayo hupona kwa dawa ya kuvu. Choa cha kichwani kwa watoto hukata nywele, lakini katika soriasisi nywele kwa kawaida hubaki.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi hapa ni ukoma. Wazee wa Arua wanakumbuka wagonjwa wa ukoma waliotunzwa Kuluva, na wakiona ngozi yenye mabaka hilo ndilo jina la kwanza linalowajia. Baka la ukoma mara nyingi huwa na rangi iliyofifia, na ndani yake mtu hapati hisia. Mgonjwa akifumba macho ukamgusa kwa kipande cha pamba juu ya baka, hatajua. Mwenye soriasisi atajua. Lakini jaribio hili si la kumaliza neno nyumbani. Ukiwa na shaka, nenda kituoni upesi, kwa maana ukoma unatibika kabisa na dawa zake hutolewa bure.

Vitu vinavyouchochea

Soriasisi hulala na kuamka. Mawazo mengi huuamsha, na mnajua wenyewe kwamba mawazo hapa hayana upungufu: mgao wa chakula umepunguzwa, ndugu wamebaki ng'ambo ya mpaka, hakuna habari zao. Pombe na sigara huongeza. Kiangazi chetu cha Desemba hadi Februari hukausha ngozi na kuipasua. Baadhi ya dawa pia huuchochea, kama propranololi ya shinikizo la damu, au klorokwini iliyotumika zamani kwa malaria. Lakini usiache dawa ya shinikizo kwa uamuzi wako. Mwulize aliyekuandikia.

Ugonjwa ukitokea ghafla kwa mtu mzima ukawa mkali mno, mganga anaweza kushauri kupima VVU, kwa sababu virusi hivyo huweza kuufanya uwe mkali. Hii haina maana kwamba kila mwenye soriasisi ana VVU. Naomba tusianze maneno hayo kwenye bomba.

Matibabu na mambo ya kuepuka

Hakuna dawa inayouondoa moja kwa moja, na mtu akikuuzia dawa hiyo sokoni Koboko au Arua, anakudanganya. Lakini unatulizwa vizuri. Kazi ya kwanza ni mafuta: jipake mafuta ya mgando mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, kila siku, hata siku ambazo huoni gamba. Jua kidogo la asubuhi huwasaidia wengi, lakini usijiunguze. Mganga anaweza kukupa marhamu ya asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba, au krimu ya steroidi kwa muda maalumu. Ukizidi, rufaa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, ambako daktari ataamua kama unahitaji dawa kali zaidi kama methotreksati. Dawa hiyo haipewi mama mjamzito, na anayeimeza hupimwa damu.

Msijipake mafuta ya taa wala maji ya betri. Nimeyaona yote mawili, na vidonda vyake vilikuwa vibaya kuliko ugonjwa wenyewe. Msinunue krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina steroidi kali, zinatuliza mabaka kwa wiki chache na kuifanya ngozi iwe nyembamba, na ukiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa hasira. Vidonge vya prednisoloni vya kununua dukani ni hatari zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Usingoje kesho kama ngozi ya karibu mwili mzima imewaka na kubambuka huku mgonjwa akitetemeka kwa baridi au homa, au kama vipele vya usaha vimetokea mwili mzima. Mlete kituoni siku hiyo hiyo. Na kama vidole vimevimba au viungo vinakakamaa kila asubuhi, usivumilie kwa miezi. Soriasisi huweza kuingia kwenye viungo na kuviharibu.

Yule mama ameruhusu nieleze habari zake bila jina. Baada ya siku ile kituoni nilirudi naye kwenye bomba asubuhi, wakati foleni ni ndefu, nikasema mbele ya watu kwamba nilikosea na kwamba ngozi yake haiambukizi. Nikanunua mandazi mawili nikayala pale. Baadhi ya wateja walirudi wiki ile ile. Wengine walichukua miezi, na wawili watatu hawajarudi mpaka leo. Mabaka yake yamepungua sana, ila kiwiko cha kushoto hurudi kila kiangazi.

Kama una dalili hizi, au umetibiwa upele au choa zaidi ya mara mbili bila kupona, mwone VHT wa kijiji chako au nenda kituo cha afya kilicho karibu, iwe Lobule, Rhino Camp au Imvepi. Beba kadi yako na kila tyubu, kopo au kidonge ulichowahi kutumia, pamoja na vile vya mtishamba. Usioshe mabaka kwa kuyasugua kabla ya kwenda. Mganga anahitaji kuyaona magamba.